Mtu aliyeomba kuachiliwa: Joseph Conrad kabla ya Kisangani

Sisi wa kitivo hiki tunamjua Joseph Conrad kwa kitabu kimoja. Kila mwaka kinarudi darasani na kila mwaka tunagombana juu yake, wengine wakisimama na Achebe, wengine wakisema kwamba mwandishi alikuwa anawashitaki wakoloni. Kisha mtihani unapita, naye anawekwa kando. Mimi nilikuwa upande wa Achebe na kwa sehemu kubwa bado niko huko. Lakini mwaka uliopita nilianza kusoma maisha ya mtu huyo kwa sababu isiyo ya fasihi. Nilikuwa namfikiria mjomba wangu.

Mjomba aliondoka nchini kabla sijazaliwa. Ameishi Ubelgiji, amelea watoto huko, na mwishowe akachukua uraia wa huko. Nyanya alipofariki aliomba viza ya kuja kumzika mama yake. Naam, viza ya kuja kwao. Ofisini akaambiwa aikabidhi kwanza pasipoti yake ya zamani. Sheria yetu ya tarehe 12 Novemba 2004 haina mzunguko: uraia wa Kongo ni mmoja tu na hauchukuliwi pamoja na mwingine, na Katiba ya 2006 imekariri jambo hilo katika kifungu cha 10. Akaikabidhi. Alifika siku mbili baada ya mazishi. Jioni ile, tumekaa uani, alituambia kwamba alipopokea pasipoti mpya hakusikia kitu moyoni, ila alipoipitisha ile ya zamani chini ya kioo, vidole vyake havikutaka kuiachia. Mama mkubwa alimjibu kwamba ile ni karatasi tu. Mjomba hakuongeza neno.

Conrad naye alisimama mbele ya ofisi ya namna ile, ila kwake mambo yalikwenda kinyume. Yeye alitaka kuachia, na nchi ndiyo iliyokataa kumwachilia.

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1857 huko Berdychiv, mji ambao leo uko Ukraine. Jina alilopewa ni Józef Teodor Konrad Korzeniowski. Wazazi wake walikuwa Wapolandi, lakini Polandi haikuwako tena kwenye ramani, maana Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimekwisha kuigawana tangu mwisho wa karne ya 18. Kwa hiyo mtoto alikuwa Mpolandi kwa lugha ya nyumbani, na kwa karatasi alikuwa raia wa Kaizari wa Urusi.

Hapa nisimame kidogo juu ya neno, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoichagua. Raia tumelipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni wa kuchunga. Raia ni kundi lenye mchungaji. Neno la Kirusi alilotambulishwa nalo Conrad, poddannyj, limeanza na kiambishi chenye maana ya chini, na mtu wa namna hiyo ni aliyewekwa chini ya mwingine. Katika Kipolandi neno lenyewe, poddany, lilitumika pia kwa mkulima aliyefungwa kwenye shamba la bwana wake. Tukisema leo kwamba mtu amebadilisha uraia, tunasikia kama mtu aliyebadilisha koti. Katika karne ya 19 lilikuwa jambo la kondoo kumwomba mchungaji ruhusa ya kutoka zizini. Na hapa kwetu, ambapo raia ni yeyote asiye mwanajeshi, kila mtu anajua nani anamchunga nani.

Baba yake, Apollo Korzeniowski, alikuwa mshairi na mfasiri. Aliwatia Shakespeare na Victor Hugo katika Kipolandi. Alikuwa pia mpanga njama dhidi ya utawala wa Kirusi. Alikamatwa Warsaw mwaka 1861, na mwaka uliofuata alihamishiwa kwa nguvu Vologda, kaskazini kwenye baridi kali, yeye na mke wake na mtoto wa miaka minne. Mama, Ewa, alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1865, uhamishoni. Baba aliruhusiwa kuondoka akiwa amekwisha kuchoka, na akafa Kraków, upande wa Austria, mwezi Mei 1869. Mazishi yake yaligeuka maandamano ya taifa zima. Nyuma ya jeneza alitembea mtoto wa miaka kumi na mmoja, ambaye kwa sheria ya Urusi alikuwa raia wa Kaizari na mwana wa mfungwa wa siasa.

Aliyemchukua ni mjomba wake, Tadeusz Bobrowski, ndugu wa mama. Nilipofika hapo ndipo niliposhindwa kukifunga kitabu. Kiingereza hakina neno la mjomba. Lina neno moja tu kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama, kana kwamba ni mtu yule yule. Kipolandi cha wakati ule kilitofautisha kama sisi: stryj kwa upande wa baba, wuj kwa upande wa mama. Bobrowski alikuwa wuj, naye alifanya kazi yote ambayo sisi tungeitegemea kwa mjomba. Alilipa ada, akalipa madeni, akagomba, akaandika barua ndefu za kuhesabu kila senti, akapenda. Hakuwa mtu wa njama wala wa mashairi. Aliona kwamba shemeji yake amemwachia mtoto huyu urithi wa hatari, na hatari hiyo iko kwenye karatasi: akibaki raia wa Urusi ataitwa jeshini, na kwa jina la baba yake hatapata huruma. Basi familia ikajaribu kumpatia kijana uraia wa Austria kule Kraków. Haikuwezekana, kwa kuwa Urusi ilikuwa haijamwachilia.

Mwaka 1874, karibu kutimiza miaka kumi na saba, kijana akaenda Marseille kuwa baharia. Kifaransa alikuwa nacho tangu utotoni. Alisafiri hadi visiwa vya Karibi kwa meli za Kifaransa, alitumia fedha za mjomba vibaya, na alikuwa na furaha. Kisha karatasi zikamkamata. Ofisi za bandari zilitambua kwamba Mrusi huyu wa umri wa jeshi hana kibali cha konseli wake, na kwa hiyo haruhusiwi tena kupanda meli ya Kifaransa. Konseli asingempa kibali hicho kamwe. Akabaki nchi kavu, akakopa, akacheza kamari akapoteza, na mwanzoni mwa mwaka 1878 akajipiga risasi kifuani. Risasi ilipita kando ya moyo. Mjomba alisafiri njia yote ile hadi Marseille, akamkuta anapona, akalipa waliokuwa wanadai.

Wanaosimulia maisha ya Conrad hupenda kueleza risasi ile kwa mapenzi au kwa madeni. Siwapingi. Lakini naona wanaipita haraka mno habari ya kibali. Kijana wa miaka ishirini alikuwa amekwisha kujua anachotaka kufanya duniani, na mtu asiyemjua, nyuma ya meza, alikuwa na uwezo wa kumzuia kwa sababu ya mahali alipozaliwa. Wanafunzi wa hapa waliowahi kuomba viza ya masomo wataelewa bila kuelezwa.

Meli za Uingereza hazikuuliza kibali cha konseli. Ndiyo sababu, na si mapenzi ya Shakespeare, iliyompeleka kwa Waingereza. Mwezi Juni 1878 alishuka Lowestoft akiwa na maneno machache tu ya Kiingereza. Lugha ambayo ingemfanya mmoja wa waandishi wakubwa wa dunia alijifunza kutoka kwa mabaharia na kutoka magazetini, akiwa mtu mzima, kama lugha ya tatu. Alifaulu mtihani wa ofisa wa pili mwaka 1880, wa ofisa wa kwanza mwaka 1884, na wa unahodha mwezi Novemba 1886. Miezi mitatu kabla ya huo wa mwisho, mwezi Agosti, alipewa uraia wa Uingereza.

Hapo wengi humaliza habari. Kwa kweli ndipo inapoanza, maana sheria ya Uingereza ya 1870 ilikuwa na mlango wa nyuma ulioachwa wazi. Mgeni aliyepewa uraia alilindwa na Uingereza kila mahali isipokuwa katika nchi aliyotoka, mpaka nchi hiyo nayo iwe imeacha kumhesabu kuwa mtu wake. Conrad angeweza kwenda Bombay, Singapore au Sydney kama Mwingereza. Akikanyaga Ukraine, mahali alipokuwa mjomba wake, angekuwa Mrusi aliyekwepa jeshi. Walikuwa wakionana nje. Mwaka 1883 walikutana kwenye miji ya maji ya moto ya Bohemia, Mariánské Lázně na Teplice, mtu na mjomba wake hotelini kama watalii, kwa sababu nyumbani hapakuwezekana.

Bobrowski hakumpa nafasi ya kusahau. Alimsukuma kwa barua mpaka aombe kuachiliwa rasmi. Ikawa kwenda na kurudi kwenye ubalozi wa Urusi, London, kwenye mtaa wa matajiri wa Belgravia. Kuvaa vizuri, kungoja, kuomba kwa adabu, kuambiwa arudi. Fikiria mtoto wa Apollo Korzeniowski, aliyemzika baba na mama kwa sababu ya dola lile, akiwainamia maofisa wake na kutumia maneno ya heshima. Alikuwa na kiburi, rafiki zake wote wanashuhudia hivyo. Alikimeza. Miaka mingi baadaye, katika riwaya ya The Secret Agent, aliuweka ubalozi wa nchi isiyotajwa katika kiwanja kama kile cha London, na hakuna msomaji anayetoka humo akiwapenda maofisa wake.

Jibu lilitoka St. Petersburg tarehe 2 Aprili 1889. Wizara ya mambo ya ndani ilimwachilia katika uraia wa Urusi, ikimtaja kuwa mwana wa mwandishi wa Kipolandi na nahodha wa meli za biashara za Uingereza. Yeye mwenyewe alikuwa Australia, ndiyo kwanza ameacha unahodha wa meli ya Otago. Tangu alipoondoka Kraków ilikuwa imekaribia miaka kumi na mitano.

Safari ya kwanza aliyoifanya kwa uhuru huo ilikuwa ya kwenda kwa mjomba. Mwezi Februari 1890, katikati ya theluji, alifika Kazimierówka, shamba la Bobrowski, akakaa karibu miezi miwili. Aliingia kama mgeni katika nchi alikozaliwa, na kwa kuwa alikuwa mgeni hakuna aliyemgusa. Ndilo jambo nililotaka kumweleza mjomba wangu siku ile uani, kama ningelijua: mtu huyu hakuweza kurudi kwao mpaka alipokwisha kukubaliwa kutokuwa wa huko.

Safari ya pili ilikuwa kwetu.

Akiwa London, bila meli, alikuwa ameomba kazi kwa kampuni ya Kibelgiji ya biashara ya Kongo ya juu, iliyosimamiwa na Albert Thys, na shangazi wa mbali aliyeishi Brussels, Marguerite Poradowska, alimsaidia. Kutoka kwa mjomba alipitia Brussels, na mwezi Mei akapanda meli Bordeaux. Tarehe 13 Juni 1890 alikuwa Matadi. Kutoka pale alitembea kwa miguu hadi Kinshasa, maana reli ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kujengwa, akafika tarehe 2 Agosti. Mizigo yake na ya wenzake ilibebwa na wapagazi thelathini na mmoja.

Shajara yake ya njia hiyo tunayo. Kwa mwanafunzi wa lugha ni hati ya ajabu. Ameiandika kwa Kiingereza chenye harufu ya Kifaransa katika tahajia, wakati shangazi alimwandikia kwa Kifaransa na mjomba kwa Kipolandi. Mna humo majina ya vijiji, umbali, mbu, maji mabaya, maiti ya mtu aliyepigwa risasi, mifupa ya mwingine iliyofungwa kwenye nguzo. Siku moja, karibu na mwisho wa njia, mwenzake mgonjwa alikuwa akibebwa kwa machela na wapagazi walikuwa wamechoka kumbeba. Conrad akawakusanya wote, akawahutubia, na akaandika mwenyewe kwamba hawakuelewa. Hakuandika alihutubu kwa lugha gani. Mtu huyu aliyekuwa na lugha tatu kwenye mfuko mmoja, aliyejua maana ya kusimama mbele ya mwenye amri asiyejali lugha yako, hakuona kwamba tukio lile lilihitaji sentensi zaidi.

Wapagazi wale hawakuwa na pasipoti ya kukabidhi. Dola Huru la Kongo lilikuwa la Mfalme Leopold tangu 1885, na watu walikuwa ndani yake bila kuulizwa, kama Wapolandi walivyokuwa ndani ya Urusi bila kuulizwa. Hakukuwa na ubalozi wa kwenda kuomba kuachiliwa. Sisemi Conrad hakuyaona mabaya. Aliyaona haraka kuliko wengi, yalimwumiza, na kitabu kile ni ushahidi. Lakini aliyekuwa ameachiliwa na mfalme mmoja mwaka uliotangulia sasa alilipwa na kampuni iliyokula katika kivuli cha mfalme mwingine. Hilo halimo katika mjadala wetu wa kila mwaka, na nadhani lilistahili kuwamo.

Kutoka Kinshasa alipanda mto kwa meli ndogo Roi des Belges, akafika Stanley Falls, Kisangani yetu, tarehe 1 Septemba. Tippu Tip, aliyekuwa gavana wa hapo kwa niaba ya Leopold tangu 1887, alikuwa amekwisha ondoka mwaka ule kurudi Zanzibar, ambako baadaye aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Watu wake walibaki. Kwa hiyo Conrad alipokuwa kwenye maporomoko, Kiswahili kilisemwa pwani ya mto, cha biashara na cha amri, pamoja na lugha za wavuvi, na ngoma za Walokele zikipeleka habari kijiji hadi kijiji. Katika Heart of Darkness yote hayo yamekuwa kelele. Watu wetu wanapewa sentensi mbili tatu mbovu, basi. Hapo ndipo nilipo na Achebe, na maisha ya mwandishi hayanitoi hapo. Yananifanya tu nisikitike zaidi, kwa sababu kama kulikuwa na Mzungu aliyekuwa na sikio la kusikia, ni huyu.

Nahodha wa meli aliugua, Conrad akashika usukani kwa siku chache wakati wa kurudi. Wakala wa kampuni, Klein, aliyechukuliwa mgonjwa Stanley Falls, alifia njiani. Conrad mwenyewe aliharibiwa na homa na kuhara damu, hakupewa meli aliyoahidiwa, na kabla mwaka haujaisha alikuwa njiani kurudi Ulaya. Afya yake haikurudi kamwe. Mzigoni alikuwa na sura za mwanzo za riwaya yake ya kwanza, Almayer's Folly, zilizokwisha kusafiri naye hadi Kazimierówka na hadi Kongo. Ilitoka mwaka 1895, na jina kwenye jalada lilikuwa Joseph Conrad. Imetolewa kwa kumbukumbu ya T.B. Mjomba alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Wapolandi hawakumwacha salama. Mwaka 1899 Eliza Orzeszkowa, mwandishi mwanamke aliyeheshimiwa kuliko wengi, alimshambulia gazetini kwamba amepeleka kipaji chake kwa wageni kwa ajili ya fedha. Jambo hilo lilimchoma mpaka uzeeni. Kirusi alisema daima hajui hata herufi zake, ingawa utoto wake ulipita Vologda na Chernihiv. Hicho naona alikikabidhi pamoja na karatasi. Kipolandi hakukikabidhi, wala lafudhi yake, ambayo ilifanya Waingereza wapate shida kumwelewa hadi mwisho. Mwaka 1914 aliwapeleka mke na wana wawili kuiona Kraków, vita vikaanza, na ghafla akawa raia wa nchi adui katika mji alikomzika baba yake. Walijificha Zakopane, mlimani, wakatoka kupitia Vienna na Italia kwa msaada wa balozi wa Marekani. Karatasi aliyoihangaikia miaka mingi ilikuwa karibu kumfunga.

Mwaka 1924 serikali ya Uingereza ilitaka kumpa cheo cha heshima cha kuitwa Sir. Alikataa. Alikufa tarehe 3 Agosti mwaka huo huo, akazikwa Canterbury. Kwenye jiwe la kaburi Joseph limeandikwa kwa Kiingereza, Conrad kwa herufi ya Kiingereza, Korzeniowski kwa Kipolandi, na Teodor limekosewa: mchongaji ameandika Teador.

Nilimtumia mjomba picha ya jiwe hilo na habari hizi zote kwa ujumbe mrefu. Alijibu usiku. Hakuuliza lolote juu ya Conrad. Aliuliza kama yule mwingine, Bobrowski, aliwahi kuandikiwa kwamba kijana wake amefika salama kutoka Kongo.

Nikamjibu kwamba barua za Conrad kwa mjomba wake ziliungua shambani mwaka 1917, wakati wa mapinduzi. Zilizobaki ni za mjomba tu.